MAZUNGUMZO: WIMBO WA MASHINE NA MANJU WA UKINGO WA ZIWA VICTORIA

Yafuatayo ni maandiko ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla, juu ya muziki unaotungwa na kompyuta na nafasi ya mtunzi binaadamu. Mfano uliochaguliwa ni wa Mwanza na ukingo wa Ziwa Victoria. Yanachapishwa hapa kwa ukamilifu kwa faida ya wale ambao hawakujaaliwa kuyasikiliza.



Tarehe 21 Mei, 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilipinduka na kuzama katika Ziwa Victoria ikiwa imebakiza masafa mafupi tu kufika bandarini. Mamia ya watu walipoteza maisha. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Wilaya ya Ukerewe, na watu zaidi ya 220 wakafa wakiwa wanauona ufukwe. Wakaazi wa Visiwani hawahitaji kuelezwa uzito wa habari kama hizi. Wanayo yao ya MV Spice Islander ya Septemba, 2011, na ya MV Skagit ya Julai, 2012.

Misiba ya namna hii huimbiwa. Huimbiwa na walioondokewa, na majirani, na kwaya, na watu wa ngoma. Aghlabu wimbo wa mwanzo hautungwi na mtu mwenye jina kubwa. Hutungwa na mtu aliyekuwa pale gatini akisubiri, na kwa sababu hiyo watu huukubali hata kama sauti yake imekwaruza.

Hivi sasa mtu yeyote mwenye simu anaweza kuiandikia programu maneno machache: maombolezo, lugha ya Kiswahili, sauti ya mwanamke mtu mzima, ajali ya meli. Kabla hajamaliza kikombe cha chai ataletewa wimbo kamili wenye beti, kiitikio, vinanda na sauti inayotetemeka pale inapostahiki kutetemeka. Mwanamke huyo mtu mzima hayupo, hajapata kuwapo, wala hakupotelewa na mtu ziwani. Hata hivyo msikilizaji anaweza kulia, na machozi yake yakawa ya kweli. Hapo ndipo penye mjadala, na ndiyo sababu ya mazungumzo haya.

Mashine inavyofanya kazi

Kompyuta kutunga muziki si jambo jipya kabisa. Mwaka 1957, katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, wataalamu wawili, Lejaren Hiller na Leonard Isaacson, waliiagiza kompyuta itunge muziki wa fidla kwa kufuata kanuni walizoiandikia wao wenyewe. Kilichobadilika ni njia. Programu za leo, kama vile Suno iliyofunguliwa kwa umma mwishoni mwa mwaka 2023 na Udio ya mwaka 2024, hazikufundishwa kanuni. Zimelishwa nyimbo zilizokwisha kurekodiwa na watu, kwa wingi usio kifani, hadi zikaweza kukisia ni sauti ipi inayoelekea kufuata sauti iliyotangulia. Teknolojia hiyo ni tawi la kile kinachoitwa akili unde, na wengine huita akili mnemba.

Suala la chakula hicho limekwisha kufika mahakamani. Mwezi Juni, 2024 makampuni makubwa ya muziki ya Marekani yalizishitaki Suno na Udio kwa kutumia kazi zao bila ya ruhusa. Katika majibu yake kampuni ya Suno haikukanusha kwamba mafunzo ya mashine yake yalihusisha takriban muziki wote wenye ubora wa kuridhisha unaopatikana wazi katika intaneti. Ilichodai ni kwamba sheria inaruhusu. Mwishoni mwa mwaka 2025 baadhi ya walalamikaji walipatana na washitakiwa, Universal na Udio mwezi Oktoba, na Warner na Suno mwezi Novemba, kwa masharti ya kulipana na kupeana leseni. Mwezi huo huo wa Novemba mahakama ya Munich, Ujerumani, ilitoa hukumu kuwa kampuni ya OpenAI imekiuka haki za watunzi kwa maneno ya nyimbo 9 za Kijerumani, katika shauri lililofunguliwa na chama cha watunzi cha GEMA.

Izingatiwe waliopatana ni nani. Ni makampuni yenye mawakili. Katika chakula kile kile walicholishwa wanyama hawa wa chuma, hapana shaka zimo pia nyimbo za Afrika ya Mashariki zilizopakiwa katika intaneti na watu wasiojulikana, kutoka katika kanda za zamani, nyingi bila ya jina la mtunzi. Hakuna aliyewaita wenyewe mezani.

Wagika na Wagalu

Ili kupima hasara iliyopo, inafaa kuangalia jinsi wimbo unavyotungwa mahali ambapo kutunga ni kazi ya heshima inayojulikana na kila mtu. Usukumani, kuanzia Mwanza na Magu hadi Shinyanga na Simiyu, ngoma zimegawanyika tangu karne ya 19 katika pande mbili, Wagika na Wagalu. Mapokeo yanasema asili yake ni waganga wawili walioshindana, Ngika na Gumha, kila mmoja akiwa na dawa zake za kuvuta watu. Mpaka leo kila kikundi cha ngoma kinajijua kiko upande gani.

Mashindano yenyewe hayana waamuzi wala kadi za alama. Vikundi viwili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, na watazamaji wako huru kwenda watakako. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo kila kikundi hutafuta la kuwatoa watu upande wa pili: wako wanaocheza na chatu, wako wa bugobogobo wanaorusha majembe juu na kuyadaka kwa mapigo ya ngoma, na wako wanaotegemea zaidi ulimi wa mtunzi wao. Mtunzi huyo kwa Kisukuma huitwa ningi. Kiswahili cha ngomani kingemwita manju. Kila mwaka, mwezi wa Juni au karibu yake, mashindano makubwa ya namna hii hufanyika Bujora, Kisesa, nje kidogo ya mji wa Mwanza, katika sherehe za Bulabo. Hapo ndipo ilipo makumbusho ya Wasukuma, iliyoanzishwa na padri David Clement kutoka Kanada kwa kushirikiana na wazee wa Kisukuma baada ya kufika huko miaka ya 1950.

Kwa msikilizaji wa Visiwani haya si mageni. Wazee wake walizijua beni za Marini na Arinoti, na wanajua vyema jinsi vikundi vya taarab vinavyojibizana, mmoja akitoa wimbo leo na mwengine akaujibu wiki ijayo bila ya kutaja jina, na kila mtu barazani akajua nani kaambiwa. Isitoshe, tofauti ya Usukumani ni kwamba jina mara nyingi hutajwa waziwazi.

Jambo la kuzingatiwa katika desturi hii ni kwamba ningi hutunga akiwa anajulikana, na kwa hiyo anaweza kujibiwa. Akimsifu mtu asiyestahiki, atachekwa. Akimkashifu mpinzani, mpinzani yupo hatua 50 kutoka pale aliposimama, na jibu litakuja kabla ya jua kuchwa. Akimlaumu mtendaji wa kijiji kwa pembejeo zilizopotea, mtendaji anajua nyumba ya kumwendea, kwa heri au kwa shari. Wimbo wa aina hii ni kauli ya mtu, nayo ina mdhamini.

Mashine haina mdhamini. Ikiombwa wimbo wa kumsifu kiongozi itautoa, na ikiombwa wa kumtukana kiongozi yule yule itautoa kwa uhodari ule ule, ikiwa wenye programu hawakuizuia. Haiwezi kuaibika. Hapa ndipo wengi wanaojadili suala hili Ulaya na Marekani wanapopita haraka: wanabishana kama mashine ina ubunifu au haina, jambo ambalo pengine halitapata jibu, na wanasahau kuuliza nani atasimama mbele ya watu ulizapo maneno ya wimbo.

Lipo pia suala la lugha. Kisukuma ni lugha ya toni. Silabi ikipandishwa au ikishushwa, neno laweza kugeuka maana, na ningi mzoefu huifanya sauti ya wimbo ifuate mwendo wa maneno. Kiswahili hakina tabia hiyo, na ndiyo maana kimekubali kupachikwa juu ya mahadhi ya Kiarabu, ya Kihindi, ya Kikuba na ya kila nchi. Mashine iliyojifunza kwa wingi kutoka katika nyimbo za Kiingereza, ikiambiwa iimbe Kisukuma, inaelekea itayabandika maneno juu ya mahadhi ya kwengine. Kijana aliyezaliwa mjini Mwanza anaweza asilione kosa. Bibi yake atalisikia mara moja, lakini bibi hana simu ya kutolea maoni.

Kujifunza na kuchukua

Watetezi wa mashine wana hoja ambayo haifai kudharauliwa. Wanasema: hata binaadamu hujifunza kwa kusikiliza wengine. Hakuna manju aliyeanza na ukurasa mweupe. Naam, ni kweli. Nyimbo za Usukumani zimejaa mahadhi ya zamani yaliyovishwa maneno mapya, na katika taarab mahadhi ya filamu za Kihindi yametumika kwa miaka mingi bila ya mtu kukosa usingizi.

Lakini aangaliwe mwanafunzi wa ngoma. Humfuata mkubwa wake uwanjani kwa misimu, humbebea ngoma, huitikia nyuma yake, hupewa dawa za upande wake, na baadaye, akishakuwa na kikundi chake, humtaja. Pana deni, na deni hilo linajulikana na kulipwa kwa kazi, kwa mali au kwa sifa. Mtu mmoja akijifunza kwa mtu mmoja, kijiji kinapata watunzi wawili. Kampuni moja ikikusanya kazi za watunzi wote wa dunia kwa mara moja, bila ya kumtaja hata mmoja, kisha ikauza mbadala wao kwa ada ya mwezi, jambo hilo si la aina ile. Kuliita kwa jina moja la kujifunza ni kuchezea maneno.

Wako wanaokumbusha kwamba kinanda cha umeme nacho kiliitwa adui. Miaka ya 1990 taarab ya kisasa ilipokuja na vinanda vyake, wazee wa ganuni na fidla walilalamika kwamba watu wanane wameondolewa kazini na mtu mmoja. Malalamiko yao hayakuwa ya wivu mtupu, waliondolewa kweli. Hata hivyo nyuma ya kinanda kile alikaa mtu, mwenye jina, aliyekwenda nyumbani na ujira wake. Vivyo hivyo vijana wa singeli wa Dar es Salaam, ingawa hutumia kompyuta na vipande vya taarab vilivyokimbizwa mbio, wao ndio wanaochagua na wao ndio wanaopanda jukwaani. Mashine ya sasa inaondoa hata yule mmoja aliyebakia.

Kwa upande wa fedha, shirikisho la kimataifa la vyama vya watunzi, CISAC, lilitoa utafiti Disemba, 2024 uliokadiria kwamba ifikapo mwaka 2028 watunzi wa muziki duniani watakuwa katika hatari ya kupoteza asilimia 24 ya mapato yao kwa sababu ya teknolojia hii. Kampuni ya Deezer ya Ufaransa, inayosikilizisha muziki katika intaneti, ilieleza mwezi Novemba, 2025 kuwa inapokea nyimbo 50,000 kwa siku zilizotungwa na mashine tupu, sawa na asilimia 34 ya zote zinazoletwa. Katika uchunguzi uliofanywa kwa niaba yake kwa watu 9,000 wa nchi 8, asilimia 97 hawakuweza kutofautisha wimbo wa mashine na wa mtu. Na kabla ya hapo, katikati ya mwaka 2025, bendi iitwayo The Velvet Sundown ilijikusanyia wasikilizaji zaidi ya milioni moja kwa mwezi katika Spotify kabla haijabainika kuwa haina mwanamuziki hata mmoja.

Kanda zisizo na majina

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyefanya makaazi yake kusini mwa Afrika, alizunguka Tanganyika na mitambo yake akirekodi nyimbo na ngoma za makabila, wakiwemo wa Kanda ya Ziwa. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini. Kazi yake ni hazina, na hakuna anayepaswa kuibeza. Lakini katika rekodi za zama zile, si za Tracey peke yake, mara nyingi kinachosomeka ni jina la kabila, jina la chombo, na kwa bahati jina la kiongozi wa kikundi. Mtunzi alihesabiwa kuwa ni kabila. Radio nazo, kwa haraka ya kazi, ziliandika kikundi na mkoa. Ni tabia iliyoonekana haina madhara, kwani nani angetaka kuiba ngoma ya Magu?

Dhana kwamba nyimbo za asili hazina mwenyewe haikuwa sahihi hata wakati huo. Mwaka 2010 mtaalamu wa Kimarekani, Frank Gunderson, alichapisha kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma, zaidi ya 300, na katika nyingi ya hizo wazee waliweza kumwambia ni nani aliyetunga na alikuwa wa upande gani. Majina yalikuwapo miaka yote katika vichwa vya watu. Hayakuwapo katika makaratasi.

Jirani na Mwanza, katika kisiwa cha Ukerewe, upo mfano wa mtu aliyelijua jambo hili mapema. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, aliona jinsi maisha na maneno ya Wakerewe wa zamani yalivyokuwa yakipotea, akaandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaimaliza mwaka 1945. Haikupata mchapishaji. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikaichapisha, miaka 35 baada ya kukamilika. Yeye alifariki mwaka 1981. Mtu anaweza kusema kwamba kama mashine ingekuwapo, kazi ile ingetoka kwa siku moja. Lakini mashine isingelijua la kuandika, kwa vile yale aliyoyaandika Kitereza hayakuwa katika kitabu chochote. Yalikuwa katika kisiwa chake, kwa wazee aliowauliza. Kinachochelewesha kazi ya namna ile ni kile kile kinachoipa thamani, ingawa hapana budi kukiri kwamba miaka 35 ya kukosa mchapishaji haikuwa sehemu ya ubunifu. Ilikuwa ni uzembe wa dunia.

Faida zilizopo

Isidhaniwe kwamba kila kinachofanywa na kompyuta katika muziki ni hasara. Novemba, 2023 kundi la The Beatles lilitoa wimbo uliotokana na kanda mbovu aliyoiacha marehemu John Lennon, baada ya programu kufaulu kuitenga sauti yake na kelele za piano iliyokuwa ikimfunika. Kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam na za Sauti ya Tanzania Zanzibar zinazochuja na kukwaruza zinaweza kusafishwa kwa njia hiyo hiyo. Sahani za santuri za Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi na ambazo ziliuzwa kwa makumi ya maelfu katika Afrika ya Mashariki, nazo zinangojea mkono wa namna hiyo.

Aidha, yuko kijana wa Igoma au Buhongwa mwenye sauti na maneno lakini hana fedha za studio. Akitumia programu kupata mfano wa kupeleka kwa wapigaji, au kujua kama kiitikio chake kinasimama, amepata msaada kama alivyoupata babu yake kwa kanda ya kaseti. Tofauti baina yake na yule anayeagiza wimbo mzima kisha akautia jina lake haihitaji mwanasheria kuielewa.

Sheria na ofisi za Serikali

Masuala ya hakimiliki si ya Muungano. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Nam. 7 ya 1999, inayosimamiwa na COSOTA, na Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki Nam. 14 ya 2003, inayosimamiwa na COSOZA. Sheria ya Bara humlinda mtunzi kwa uhai wake na miaka 50 baada ya kufa, na ina sehemu maalum kuhusu sanaa za jadi, ambapo anayetaka kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili hutakiwa kupata idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa. Sehemu hiyo ya jadi ni ya thamani kubwa kwa ngoma za Usukumani, kama ingetumiwa zaidi kuliko inavyotumiwa.

Hakuna kati ya sheria hizi mbili iliyoandikwa na mtu aliyekuwa akiifikiria mashine inayotunga. Zinazungumza juu ya mtunzi aliye mtu. Kwa sababu hiyo, kwa tafsiri iliyo wazi, wimbo uliotoka kwenye mashine tupu hauna mtunzi wa kulindwa. Mahakama ya rufaa ya Washington ilifikia uamuzi unaofanana na huo mwezi Machi, 2025, katika shauri la picha iliyotengenezwa na kompyuta. Ofisi inayoagiza wimbo wake wa kampeni kutoka kwenye programu, ikidhani imebana matumizi, inafaa ijue kwamba huenda haina nguvu ya kumzuia muuza dawa za panya kuutumia wimbo huo huo kesho yake.

Na hapa mazungumzo haya yanawafikia watumishi wa Serikali moja kwa moja. Katika ukingo wa Ziwa, kama ilivyo Visiwani, Serikali ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa nyimbo. Mwenge ukipita, ngoma huitwa. Maonesho ya Nane Nane katika viwanja vya Nyamhongolo, Mwanza, hayana ladha bila ya bugobogobo. Kampeni za chanjo, za usafi, za kupiga vita uvuvi haramu na gugu maji, zote zimekuwa na nyimbo zake, na kwa vikundi vya vijijini malipo hayo ambayo mhasibu huyaona madogo, yakigawanywa kwa watu 25, ndiyo yanayonunua ngozi mpya ya ngoma na kuwafanya vijana waone kuwa kutunga ni kazi.

Afisa mwenye bajeti finyu atashawishika. Wimbo wa mashine haudai posho, haudai usafiri kutoka Misungwi, hauchelewi, na hauna mzee mmoja anayekataa kuimba mpaka apewe soda. Lakini wimbo wa kupiga vita uvuvi wa sumu ukiimbwa na kikundi cha wavuvi wa Ukerewe, unawafunga waimbaji wenyewe: siku ya pili hawawezi kuonekana na sumu mtumbwini. Ukiimbwa na mashine haumfungi mtu yeyote. Fedha iliyookolewa ni fedha ya kuwafanya watu watoe ahadi hadharani, na hilo ndilo lililokuwa lengo la kampeni.

Inapendekezwa basi kwamba ofisi inayohitaji wimbo ianze kwa watu waliopo katika eneo lake, na iwalipe. Pale ambapo mashine imetumika kwa sababu yoyote, jambo hilo litangazwe pamoja na wimbo, kama inavyotangazwa kwamba picha imechorwa na nani. Sauti ya mwimbaji aliye hai isiigizwe bila ya ridhaa yake kwa maandishi, na ya aliyekufa bila ya ridhaa ya warithi wake. Jimbo la Tennessee nchini Marekani limekwisha kulitungia sheria suala la kuiga sauti, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai, 2024. Nyimbo za misiba ziachiwe watu. Hili la mwisho halina kifungu cha sheria, lakini hakuna mtumishi mwenye busara atakayesubiri kifungu.

Lililobakia ni la makabati. Katika ofisi nyingi za utamaduni, za habari na za radio, ziko kanda na sahani zenye lebo isemayo tu ngoma ya Wasukuma, au kwaya, au taarab ya harusi. Maofisa wa idara hizo wanaombwa kuzitoa, kuzisikilizisha kwa wazee wa vikundi vinavyohusika, na kuandika juu ya kila moja jina la mtunzi, jina la kiongozi wa waimbaji, kijiji, mwaka, na kama ni ngoma ya Usukumani, upande wa Wagika au wa Wagalu. Nakala ya orodha ipelekwe COSOTA kwa kazi za Bara na COSOZA kwa kazi za Zanzibar. Kazi hiyo ianze na kanda kongwe kuliko zote, kwa vile wanaowakumbuka wenyewe wanapungua kila mwaka.